Shelta ya mbwa na paka Dodoma: nani hasa anatakiwa kuja kukagua?

Kijana wa Veyula:

Habari za saa hizi wakuu. Naomba muongozo hasa kwa wanaojua mambo ya mifugo, wanasheria, na yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye shelta ya wanyama (kituo cha kutunza wanyama wasio na wenyewe), iwe ya hapa nyumbani au ya nje.

Mama yangu mkubwa ni nesi mstaafu, anakaa pembezoni mwa jiji huku Dodoma, maeneo ambayo viwanja vimepimwa ila nyumba bado za kuhesabu. Alianza na vitoto vya mbwa vilivyotupwa kwenye gunia kando ya barabara, baadae habari zikasambaa, sasa mtu akihamishwa kikazi na anakoenda mwenye nyumba hataki mbwa, anampigia simu yeye. Wengine hata hawapigi, unaamka asubuhi unakuta mbwa kafungwa kamba getini na mwenyewe hayupo. Hivi sasa kuna mbwa 34, paka 11 na punda mmoja aliyegongwa na gari, mwenye punda akaona hasara akaondoka zake. Kijana wa kumsaidia ni mmoja, bomba likikauka maji yananunuliwa kwa madumu ya guta, na mnaoijua Dodoma ya mwezi wa kumi mnaelewa naongelea nini.

Sasa kaja mtendaji, anasema majirani wamelalamika na anataka kuona kibali. Tukauliza kibali cha nani, akasema cha mifugo. Huko mifugo tukaambiwa hilo suala la afya, afya nao wakasema nendeni mazingira. Hakuna aliyetufukuza, wote wametupokea vizuri tu na viti tumepewa, ila hakuna aliyesema hili ni langu ngoja nije nione.

Ninachouliza: sheria ya Tanzania inasema nini kuhusu mtu anayetunza wanyama wengi wasio na wenyewe? Kuna kiwango kwamba banda liwe hivi, maji hivi, daktari aje mara ngapi? Na wenzetu nje wanafanyaje, serikali inaingia mpaka ndani ya mabanda au inaishia kutoa cheti?

Na niseme ukweli, mimi mwenyewe kuna mabanda kule nikiyapita roho hainitulii. Mama mkubwa ana huruma ila kusema hapana kwake ni mtihani. Kwa hiyo sitafuti mbinu ya kumkwepa mkaguzi, namtafuta mkaguzi mwenyewe.


Nyumbu wa Bahi:

Mkuu kuna zahanati hazina maji ya bomba halafu unataka serikali ikakague maji ya mbwa? Mbwa wa kwetu analala chini ya mti anakula ukoko wa ugali na yuko fiti anafukuza fisi. Haya mambo ya kizungu yatatumaliza. Mama akapumzike na pensheni yake.


MifugoKwanza:

@Nyumbu wa Bahi hiyo hoja kila mkutano wa kijiji lazima mtu aitoe, na huwa nauliza swali moja tu, mtoto akiumwa na mbwa tunampeleka wapi? Kwenye hiyohiyo zahanati. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanakadiria watu kama 59,000 wanakufa na kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, karibu wote wameambukizwa na mbwa, na walio wengi ni wa Afrika na Asia. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Kwa hiyo sehemu yenye mbwa 34 wanaoingia na kutoka kila wiki hilo siyo suala la kizungu, ni suala la afya yako wewe na wanao hapo Bahi.

Sasa nimjibu mleta mada. Mimi ni afisa mifugo, nipo kanda hii ya kati, ila hapa naongea kama mimi, siisemei ofisi.

Sheria unayoitafuta ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Watu wengi wanadhani sheria ya wanyama ni ya wanyamapori tu, au ya ng'ombe wa biashara, hapana, hii inawahusu hata mbwa wako na punda wako. Msingi wake ni ule uhuru wa aina tano unaofundishwa vyuo vyote vya mifugo, kwamba mnyama asikae na njaa wala kiu, asikae kwenye mazingira ya mateso, asiachwe na maumivu au ugonjwa bila tiba, apate nafasi ya kufanya mambo yake ya asili, na asiishi kwa hofu. Hiyo orodha ilianzia Uingereza baada ya ripoti ya mwaka 1965 kuhusu mifugo inayofugwa kwa kubanwa, wakaja kuipanga vizuri mwaka 1979. Sheria yetu pia inatambua wakaguzi wa ustawi wa wanyama. Kwa hiyo mtu wa kuingia kwa mama yako mkubwa kisheria yupo, siyo kwamba hayupo.

Halafu kuna sheria mbili pacha za 2003. Sheria ya Veterinari Na. 16 inahusu nani anaruhusiwa kutibu, maana yake huyo mama hata kama ni nesi mzuri kiasi gani hatakiwi kufunga mbwa kizazi pale uani, na hata dokta anayekuja muulizeni kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Nyingine ni Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17. Hapo ndipo kichaa cha mbwa kinaingia, ukikishuku unatoa taarifa, huziki mbwa kimyakimya usiku. Ukiongeza na sheria ndogo za halmashauri juu ya ufugaji mjini ndio unapata picha kwa nini mmezungushwa. Kila ofisi imeshika kipande chake.

Ushauri: anzeni na afisa mifugo wa kata. Msiende kuomba kibali, nendeni na barua ya kuomba ukaguzi, ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukienda kuomba kibali unamfanya mtu aanze kufikiria kama ana mamlaka ya kukupa. Ukiomba ukaguzi unamwomba afanye kazi anayoifanya kila siku. Akija akimaliza ombeni karatasi yenye tarehe, alichokikuta na alichoshauri. Hiyo karatasi mtendaji akirudi unampa, na majirani wakienda mbele unayo.

Mimi nikienda sehemu kama hiyo mabanda nayaangalia mwishoni. Naanza na rejista. Mbwa huyu kaingia lini, katoka wapi, kachanjwa lini, kaenda kwa nani, aliyekufa alikufa na nini. Daftari la kaunta la kawaida linatosha. Asiyekuwa na daftari hata kama sakafu inang'aa najua kuna tatizo, kwa sababu sakafu unaweza kuideki asubuhi ukisikia nakuja.


Kijana wa Veyula:

Asante sana afisa. Daftari lipo ila limesimama mwaka jana, baada ya hapo yote yako kichwani kwa mama mkubwa. Anawajua wote kwa majina, lakini ukimuuliza chanjo anakwambia "huyu ni yule wa kipindi kile cha mvua". Swali lingine, tukisajili NGO itasaidia?


MifugoKwanza:

Sajilini kama mnataka kuchangisha fedha, hiyo ni Sheria ya NGO ya 2002 na mtatakiwa kupeleka ripoti za kazi na mahesabu. Ila cheti cha NGO kinasema nyie ni nani tu. Hakuna mtu atakayefunua sufuria la mbwa kwa sababu una cheti cha NGO.


Mrangi wa Houston:

Hiyo pointi ya mwisho ya afisa ndio tatizo la huku pia, mtaona.

Mimi wa Kondoa lakini nipo Texas miaka mingi, kazi yangu ni kwenye shelta ya serikali ya mtaa, nimeanzia kuosha mabanda. Ngoja niwape jinsi mambo yalivyo maana huko nyumbani watu wanadhani Marekani kila kitu kina mkaguzi.

Sheria ya taifa zima ya ustawi wa wanyama, ya 1966, inahusu zaidi maabara, wafanyabiashara wa wanyama na wenye maonyesho kama sarakasi. Shelta za kawaida hazimo, zimeachiwa majimbo. Na kila jimbo lina lake. Colorado shelta lazima iwe na leseni ya idara ya kilimo ya jimbo na mkaguzi wao anaingia kama anavyoingia kwenye maduka ya wanyama na sehemu za kulaza mbwa. California mwaka 1998 walipitisha sheria ya kuongeza muda wa kumshikilia mbwa aliyepotea kabla hajauawa au kupewa mtu mwingine, kutoka saa 72 mpaka siku 4 hadi 6 za kazi, ili mwenyewe apate muda wa kumtafuta. Kuna majimbo mengine yana sheria ya ukatili tu, yaani mpaka mnyama aumie ndio wanaingia.

Texas sheria ya shelta imekaa ndani ya sheria za afya, na viwango vya usafi na mabanda wanaviazima kwenye kanuni za karantini ya kichaa cha mbwa. Ni kitu nadhani Tanzania mngekiiga kirahisi maana kichaa mnacho tayari na wataalamu wake mnao. Kila shelta lazima imlete daktari wa wanyama angalau mara moja kwa mwaka aikague na ripoti iende idara ya afya ya jimbo. Halafu lazima iwe na kamati ya ushauri, ndani yake awepo daktari wa wanyama, mtu wa serikali ya mtaa, mtu anayefanya kazi za kila siku humo ndani, na mtu wa shirika la kutetea wanyama. Inakaa angalau mara tatu kwa mwaka. Kaunti yenye watu chini ya 75,000 haibanwi. Jiji la Dodoma sensa ya 2022 lina watu zaidi ya laki saba na nusu, kwa hiyo kwa kipimo cha Texas mngekuwa ndani mara kumi.

Udhaifu wake ni kwamba huyo daktari analetwa na shelta yenyewe na analipwa na shelta yenyewe. Mara moja kwa mwaka, tena anajulikana anakuja lini. Ile wiki tunapaka mpaka rangi jamani, mbwa wanaogeshwa wananukia. Kamati inasaidia zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu yule mtu wa usafi anakaa meza moja na ofisa na anaweza kusema hapahapa kwamba banda namba fulani halina mfereji tangu mwaka jana.

Sasa kitu ambacho kimetusaidia zaidi ya sheria ni muongozo wa chama cha madaktari wa shelta wa huku, toleo la kwanza la 2010 na la pili 2022. Siyo sheria, lakini majimbo na mahakama wanauangalia. Ule wa 2010 unataja kipimo cha dakika 15 kwa kila mnyama kwa siku, kama 9 za usafi na 6 za kulisha. Hapo hujatibu, hujamtoa kutembea, hujapokea wageni. Sasa chukua kalkuleta. Mbwa 34 na paka 11 ni 45, mara 15 ni dakika 675, sawa na masaa 11 na robo kila siku ya Mungu, Jumapili na Iddi zikiwemo. Punda sijamweka. Mama mkubwa ni mstaafu na kijana ni mmoja. Ndio maana roho haikutulii mkuu, siyo kwamba hawawapendi.

Kipimo kingine, angalia wanaoingia kwa wiki, zidisha kwa wiki ambazo mnyama mmoja anakaa mpaka apate pa kwenda. Wakiingia wawili kwa wiki na kila mmoja anakaa wiki 12, utakuwa na 24 muda wote, hata ujenge mabanda ya dhahabu. Ukitaka kupunguza lazima upunguze wanaoingia au uwatoe haraka, hakuna njia ya tatu. Huku wenye shelta wengi wanaofikishwa mahakamani ni watu wema kabisa waliokuwa wanaongeza banda badala ya kufanya hiyo hesabu.


Jirani Mwema Sana:

Naomba na sisi majirani tusikilizwe, maana kwenye hizi mada huwa tunaonekana wabaya. Mimi kuna mtu kama huyo karibu na kwangu (siyo huyo mama, ni sehemu nyingine kabisa). Mmoja akibweka saa nane usiku wote thelathini wanajibu, halafu wanajibiwa na wa mtaa wa pili. Harufu ndo usiseme. Upepo wa Dodoma muda mwingi unatoka mashariki, mimi niko magharibi yake, kiangazi chote vumbi la kinyesi kikavu linaingia mpaka kwenye sahani. Mbwa akifa anachimbiwa kishimo cha futi moja, mvua ya kwanza ikinyesha unaona mguu.

Nimeenda kulalamika nikaambiwa tuelewane kama majirani. Sawa tumeelewana mara ngapi? Mimi sitaki mbwa wauawe, nataka mtu mwenye mamlaka aje aseme banda lisogee mita kadhaa, shimo liwe la kina fulani, na akirudi akikuta bado achukue hatua. Uzuri wa kiwango cha serikali ni kwamba hata jirani anajua adai nini. Sasa hivi mimi nadai hisani.


Binti Mpwapwa:

@Jirani Mwema Sana pole kaka, na hiyo ya upepo umeongea kitu cha maana ambacho kwenye karatasi nyingi hakipo. Mabanda yawe upande wa chini ya upepo na nyumba za watu zisiwe huko. Kwa kiwanja cha mama mkubwa kama magharibi ni pori basi mabanda yahamie magharibi.

Mimi nimesoma mifugo LITA Mpwapwa na nimefanya kazi na madaktari wa wanyama wadogo. Nawaachia vitu vya usafi maana nimesoma hapo juu kwamba maji ni ya madumu na najua kinachotokea, mtu anamwaga ndoo mbili juu ya kinyesi, kinageuka uji, anafagia uji kutoka banda la mgonjwa mpaka la vitoto. Hapo umesambaza parvo, kile kirusi cha kuharisha kinachoua vitoto vya mbwa, kwa bidii kabisa.

Kwangua kinyesi kwanza bila maji, koleo na ufagio mgumu. Ndoo ya kinyesi iwe na mfuniko. Baada ya hapo maji kidogo na sabuni, suuza, ndipo dawa. JIK (bleach) haiui kirusi kilichojificha kwenye uchafu, inaisha nguvu kwenye ule uchafu wenyewe. Parvo inakaa kwenye sakafu na udongo miezi mingi, na dawa nyingi za kudekia zinazonukia vizuri hazimfanyi kitu. Vitabu vinasema kipimo kimoja cha bleach kwa 32 ya maji lakini hiyo ni ile kali ya asilimia 5 hivi, hizi za kwetu nyingi ni 3.5, soma kwenye chupa, basi weka moja kwa 20. Iache dakika 10 ndo usuuze. Changanya ya siku hiyohiyo, ukiiacha juani kwenye ndoo mpaka kesho umebaki na maji ya harufu. Na usimwage kwenye mkojo ambao haujasuuzwa, ile hewa inayotoka inakaba kifua, wewe na mbwa. Dettol na wenzake wekeni mbali na paka kabisa, ini lao haliwezi hizo kemikali na wao kila kitu wanakilamba.

Utaratibu wa kuosha: vitoto kwanza, halafu wakubwa wazima, halafu wageni walioko karantini, wagonjwa mwisho. Kijana ni mmoja na gambuti ni zilezile, kwa hiyo mpangilio ndio kinga yake. Mgeni akae peke yake wiki mbili kabla hajachanganywa. Yule aliyefungwa getini usiku naye ni mgeni, asiingizwe kwa wenzake eti kwa sababu analia.

Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama lita moja ya maji kwa siku, joto la Oktoba linaongeza. Kwa hao 34 ni madumu mawili ya kunywa tu, punda peke yake anaweza kumaliza dumu zima. Wekeni simtanki yenye maji ya akiba ya siku kadhaa, mkaguzi yeyote mwenye akili ataangalia hilo kabla ya vipimo vya banda. Na bati likiwa chini saa nane mchana ukilishika unaungua, aliyeko chini yake anapikwa. Inueni, tandazeni nyasi juu au pakeni chokaa.

La mwisho kwa huyo kijana wa kazi. Achanjwe yeye chanjo ya kichaa kabla hajaumwa na mbwa. Mbwa wote chanjo kuanzia miezi mitatu. Akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 hata kama kidogo, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mbwa aliyemuuma asiuawe haraka, afungiwe peke yake aangaliwe siku 10 na afisa mifugo ajue.


Mzee wa Makole:

Nimewasoma wote. Nina wasiwasi kidogo na hii hamu ya kuita serikali. Ikiingia leseni itaingia na ada, ada itaingia na mtu mwenye mashine ya risiti, na mwisho atakayefungiwa ni huyu mama wa mbwa 34 kwa sababu anaonekana, wakati yule anayezalisha mbwa wa kuuza kwenye stoo ya giza hana kibao wala jirani. Uingereza kwenyewe, kanuni za leseni za 2018 za England ziliwabana wazalishaji, wenye maduka na wanaolaza mbwa kwa malipo, ila vituo vya kuokoa wanyama wakaviacha nje. Scotland ndio wakaviingiza mwaka 2021. Sasa kama wao wenyewe hawajakubaliana.

Halafu mkaguzi akisema pafungwe, hao 34 wanaenda wapi? Nani ana sehemu? Tunajua wote mbwa wa mitaani wanavyoishaga, bunduki au sumu, na kuua mbwa ovyo hakujawahi kumaliza kichaa popote, WHO wanasema chanja asilimia 70 ya mbwa. Kwa hiyo amri ya kufunga bila mpango ni amri ya kuua iliyoandikwa kwa lugha nzuri.

Mnachotaka ni ngazi. Uingereza sheria yao ya ustawi wa wanyama ya 2006 ina kitu kinaitwa notisi ya maboresho, mkaguzi anaandika kasoro, anaandika cha kufanya, anakupa muda, ndani ya huo muda hakushtaki. Mimi ningetanguliza hapo amri ya kusimamisha kupokea wapya. Hiyo haigharimu hata shilingi na inamsaidia huyo mama kusema hapana, anawaonyesha karatasi tu getini. Wadogo wenye wanyama wachache waandikishwe kwa mtendaji bure, wakubwa ndio wakaguliwe bila taarifa.


MifugoKwanza:

Mzee hilo la karatasi getini nimelipenda, naweza kuliandika kwenye ripoti ya ukaguzi kama ushauri wa kitaalamu hata bila kanuni mpya: "kwa maji na nguvukazi iliyopo, kituo kisipokee mnyama mwingine mpaka idadi ishuke." Nikisaini na kugonga muhuri mtu atabishana na mimi, mama hatabishana na mtu.

Ila kwenye ada sikubaliani na wewe moja kwa moja. Ukaguzi wa bure ndio unaofanyika siku gari lina mafuta. Serikali ikitaka viwango lazima ilipie miguu ya kuvifuata, ama kwa bajeti ama kwa ada ndogo, vinginevyo tutakuwa na kanuni nzuri sana kwenye makabati pale Mtumba, mji wa serikali.


Nyumbu wa Bahi:

Mi bado naona ng'ombe wangu anakaguliwa akienda machinjioni tu, mbwa wa mtu anakaguliwa akiwa amelala. Ila hiyo ya siku 10 sikuijua, sisi tunapiga rungu hapohapo.


Mrangi wa Houston:

@Nyumbu wa Bahi ukipiga rungu na kuzika umezika jibu la hospitali. Akiwa hai na mzima siku ya kumi unajua mate yake hayakuwa na kichaa siku alipouma.

Mleta mada, mnatumia minyororo? Huku kumfunga mnyama mnyororo kama makazi yake ya kudumu hakukubaliki kabisa kwenye ule muongozo.


Kijana wa Veyula:

Wapo wachache wa mnyororo, wale wakali wanaoruka ua wa minyaa. Tutawatafutia wavu mrefu.

Nimeongea na mama mkubwa leo nikamsomea baadhi ya majibu. Hesabu ya masaa 11 hakuipenda, akasema hao Wamarekani hawajui kufanya kazi, yeye wodini alikuwa na wagonjwa zaidi ya hao usiku mmoja. Nikamuuliza na wodi ilikuwa inapokea bila kikomo? Akasema walikuwa wanalaza wawiliwawili kitandani, halafu akakaa kimya kidogo akaniambia niandike hiyo barua. Daftari tunalianza upya, kila mbwa na ukurasa wake, tunaanza na chanjo maana kadi nyingine zipo kwenye mfuko wa rambo hazijulikani za nani. Kufunga vizazi tutatafuta dokta aliyesajiliwa, naona hapo ndipo hela itakapoishia. Na mabanda yanahamia upande wa magharibi, kule ni korongo hakuna nyumba.

Kitu kimoja afisa, barua niipeleke kata au jiji moja kwa moja? Na mtendaji tumpe nakala?


MifugoKwanza:

Peleka kata, nakala kwa daktari wa mifugo wa jiji na nyingine kwa mtendaji, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa na moja ubaki nayo. Kwenye barua taja idadi kamili na useme wazi maji mnapata wapi, usipambe. Nenda asubuhi mapema, na uulize kwanza kama siyo siku ya mnada, siku ya mnada ofisini utakuta mlinzi tu.